Pumzi ya Wanuri Kahiu: Kesho Iliyofungamana na Jana

Utangulizi

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa unayejiandaa kwa Karatasi ya Tatu, huenda ukashangaa kuona filamu ikihakikiwa katika kurasa ambazo aghalabu hutengewa riwaya, tamthilia, ushairi na fasihi simulizi. Filamu si kitabu teule na mtahini hatakuuliza swali lolote juu yake. Hata hivyo, nakuomba univumilie. Mtahini atakuuliza kuhusu ploti, wakati, mandhari, ishara na kinaya, na mambo hayo ndiyo yanayonifanya niizungumzie filamu fupi iitwayo Pumzi, iliyoongozwa na Mkenya Wanuri Kahiu mwaka 2009 na kuonyeshwa katika tamasha la Sundance, Marekani, Januari 2010.

Kila ninapoitaja filamu hii mbele ya walimu hapa Machakos, huzuka malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba filamu si fasihi. Hili halinisumbui sana. Tamthilia nayo huandikwa ili iigizwe, na ngano husimuliwa kwa sauti, uso na mikono. Penye wahusika, mgogoro, mandhari na lugha ya ishara, mhakiki ana kazi ya kufanya. La pili ni zito zaidi: kwamba bunilizi ya kisayansi, yaani hadithi inayobuni maisha ya siku zijazo kwa kutumia sayansi, ni mali ya Wazungu, na kwamba Mwafrika hana haja ya kusimulia mambo ya miaka mia ijayo ilhali ya leo yanamshinda.

Lalamiko hili la pili ndilo ninalotaka tulijadili. Nitadai kwamba Pumzi ni hadithi yetu hasa kwa jinsi inavyoutazama wakati. Kwamba kesho inayosawiriwa humo imefungamana na jana ambayo wazee wa Ukambani wanaijua kwa majina. Na kwamba kasoro kubwa ya filamu hii inaonekana vizuri zaidi mtu akiitazama akiwa amesimama kwenye matuta ya shamba la Machakos.

Muhtasari wa filamu

Pumzi haizidi nusu saa. Matukio yake yanatokea miaka 35 baada ya Vita vya Tatu vya Dunia, vilivyoitwa Vita vya Maji. Nje, ardhi imekufa. Watu waliosalia wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa katika jamii iitwayo Maitu, katika eneo la Afrika Mashariki. Maji hugawiwa kwa kipimo. Jasho na mkojo husafishwa na kunywewa tena. Umeme hutokana na watu wenyewe, ambao hulazimika kuendesha mitambo kwa miguu na mikono yao. Hata ndoto zimepigwa marufuku: mtu akiota, mtambo hugundua na kumwamuru ameze dawa ya kuzuia ndoto.

Mhusika mkuu ni Asha, mtunzaji wa makumbusho ya viumbe asilia. Siku moja anapokea kifurushi cha udongo kutoka kwa mtu asiyejulikana. Anaupima na kugundua kwamba hauna sumu ya mionzi na kwamba una unyevu. Anaunusa, na ndoto inamchukua. Anapanda mbegu kuukuu iliyohifadhiwa katika makumbusho, nayo inachipuka. Anaomba kibali cha kutoka nje ili autafute udongo huo ulikotoka. Baraza linamkatalia kwa kudai kwamba nje hakuna uhai, kisha linamwadhibu kwa kumtupa kwenye mitambo ya kuzalisha umeme.

Kwa msaada wa mwanamke afanyaye usafi, ambaye Asha aliwahi kumgawia maji, anatoroka na mche wake. Anatembea jangwani mpaka anafika mahali anapopatafuta. Anaupanda mche, anaumwagia maji yake ya mwisho, anaukamulia jasho, kisha anajilaza juu yake ili kuukinga dhidi ya jua. Kamera inapanda juu polepole. Mti unakua pale alipolala. Kamera ikizidi kupanda, tunaona msitu wa kijani uliokuwa upande wa pili muda wote huo. Ngurumo inasikika, na hapo ndipo jina la filamu linapojitokeza.

Je, bunilizi ya kisayansi ni ngeni kwetu?

Tuanze na hoja yenye uzito zaidi dhidi yangu, nayo ilitolewa na msomi wa Ukambani. Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui aliyefariki mwaka 2019, alichapisha mwaka 1969 kitabu mashuhuri kuhusu dini na falsafa za Kiafrika. Humo alizichunguza nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, akahitimisha kwamba Mwafrika wa jadi alikuwa na nyakati mbili kuu. Kwa kuzitaja alichagua maneno ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa ni wakati ulio hai, unaogusika. Zamani ni ghala kubwa ambamo kila tukio huishia. Wakati ujao wa mbali, alisema Mbiti, karibu haupo. Fikira za watu hazikuvuka mwaka mmoja au miwili ya mbele.

Ukikubali hoja hii yote, basi walalamishi wana haki. Jamii isiyo na kesho ya mbali haiwezi kuwa na hadithi za kesho ya mbali. Lakini wasomi wengi walimpinga Mbiti, nasi hapa tuna ushahidi wetu. Ni nani katika kaunti hii asiyeijua mighani ya Syokimau? Masimulizi yanasema kwamba nabii huyo wa kike wa Wakamba aliona nyoka mrefu atemaye moshi na moto, akitoka kwenye maji makubwa na kuipita nchi. Aliona pia watu wenye ngozi ya rangi ya nyama mbichi, wabebao moto mifukoni, wazungumzao kama ndege. Wazee waliueleza utabiri huo baadaye kuwa reli, viberiti na Wazungu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Leo jina la Syokimau limebebwa na kituo cha treni kilichofunguliwa mwaka 2012, na tangu mwaka 2017 treni ya reli ya kisasa kutoka Mombasa huishia papo hapo. Kama kumwona nyoka wa chuma kabla hajaundwa si bunilizi ya siku zijazo, basi sijui tuiite nini.

Katika riwaya ya Kiswahili vilevile njia ilikwisha kulimwa. Katama Mkangi alichapisha Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake, Dzombo, anahukumiwa na kutiwa katika chombo cha kuruka angani ambacho kilikusudiwa kumwangamiza. Badala ya kufa anajikuta katika ulimwengu mwingine wenye haki na usawa. Jina la ulimwengu huo, likitenganishwa, linasomeka wale-ni-sisi. Mkangi hakwenda angani ili kuikimbia Kenya. Alikwenda mbali ili aione vizuri. Kahiu naye amefanya vivyo hivyo, ila chombo chake cha safari ni wakati.

Wakati na ploti

Tuilinganishe Pumzi na filamu nyingine ili tulielewe jambo hili. Mwaka 2012 ilitolewa filamu Cloud Atlas, iliyotokana na riwaya ya Mwingereza David Mitchell ya mwaka 2004. Ni filamu ya karibu saa tatu yenye hadithi sita: ya kwanza inatokea katika bahari ya Pasifiki mwaka 1849, nyingine mwaka 1936, 1973, 2012 na 2144, na ya mwisho mbali zaidi, baada ya ustaarabu kuporomoka. Waigizaji wale wale wanarudi katika hadithi tofauti wakiwa na sura na hata rangi tofauti. Mtazamaji anarushwa kutoka wakati mmoja hadi mwingine, mara nyingine katika muda wa dakika chache.

Ni nini kinachozifunga hadithi hizo sita? Kwa sehemu kubwa ni maandishi na kumbukumbu. Shajara ya msafiri wa baharini inasomwa na mtunzi wa muziki wa kizazi cha baadaye. Barua za mtunzi zinamfikia mwanahabari. Habari za mwanahabari zinageuka muswada. Na kadhalika mpaka maneno ya mfanyakazi aliyeasi yanakuwa dini ya watu wa mwisho. Hii ni ploti changamano kwelikweli, na mwanafunzi akiiona kwa mara ya kwanza hupotea. Mimi mwenyewe nilipotea.

Ploti ya Pumzi, kwa mtazamo wa kwanza, ni sahili. Asha anapokea udongo, anapanda, anakataliwa, anatoroka, anafika, anakufa. Tukio linazaa tukio bila kuruka. Lakini tazama tena, mpenzi msomaji, nawe utaona nyakati tatu zikiishi pamoja ndani ya moyo wa mhusika mmoja. Kuna zamani, iliyofungiwa katika makumbusho: mbegu chupani, mabaki ya miti, na vipande vya magazeti vinavyotaja dunia iliyopashwa joto na maji yaliyogombaniwa. Kuna sasa, ambayo ni kuta, mitambo na kipimo cha maji. Kisha kuna kesho, ambayo haina mahali pengine pa kuingilia ila ndotoni.

Ndoto hiyo, kwa istilahi tunazotumia darasani, ni kisengere mbele. Asha anauona mti wa kijani kabla hajaupanda. Mwisho wa filamu, mti unapokua pale alipolala, mtazamaji anatambua kwamba ameshauona. Kwa hiyo dawa ya kuzuia ndoto si kichekesho cha kisayansi tu. Utawala unaozuia ndoto unazuia kesho isiyo yake.

Hapa ndipo ninapomrudia Mbiti, kwa heshima zote. Asha haipati kesho kwa kubuni mtambo mpya, jinsi wafanyavyo mashujaa wengi wa filamu za Marekani. Anaipata kwa kurudi kwenye ghala la Zamani na kutoa mbegu moja. Udongo na mbegu katika Pumzi vinafanya kazi ambayo shajara na barua zinafanya katika Cloud Atlas: vinabeba jambo kutoka kizazi hadi kizazi. Tofauti ni kwamba barua husomwa, ilhali mbegu hupandwa. Nayo barua ikisomwa hubaki barua, lakini mbegu haiwezi kutoa mti bila yenyewe kuoza. Nadhani tofauti hiyo ndiyo inayoifanya Pumzi kuwa hadithi ya jamii ya wakulima.

Jina, ishara na kinaya

Mwalimu wa Kiswahili ana bahati kwa sababu jina la filamu ni neno la lugha yake. Pumzi ni hewa tuvutayo na kuitoa. Neno hilo lina udugu na vitenzi kupumua na kupumzika. Sasa litazame jina hilo pale lilipowekwa. Halijitokezi mwanzoni, jinsi tulivyozoea. Linajitokeza mwishoni, baada ya Asha kulala chini. Amepumua pumzi yake ya mwisho, amepumzika, na mti, ambao ndio utoao hewa tuvutayo, umeanza kupumua badala yake. Maana zote tatu zinakutana katika neno moja. Mtazamaji asiyejua Kiswahili anapata moja tu.

Jina Maitu nalo linafaa kuchunguzwa. Kwa Kikikuyu, maitũ ni mama. Filamu inaligawa neno hilo mara mbili ili litoe maana ya ukweli wetu. Basi mbegu iliyohifadhiwa inaitwa mama, na jamii iliyojifungia inaitwa jina hilo hilo. Kinaya ni kwamba jamii iitwayo mama inakataza kuzaa kwa ardhi, na iitwayo ukweli wetu inaishi juu ya uongo. Baraza linasema nje kumekufa. Kamera, inapopanda juu mwishoni, inatuonyesha msitu.

Kinaya kingine kimo katika makumbusho yenyewe. Mahali palipojengwa ili kuhifadhi uhai pamegeuzwa pa kuthibitisha kwamba uhai umekwisha. Asha anatakiwa aitunze mbegu, mradi asiipande. Walimu, tusiwacheke watu wa Maitu upesi. Je, nasi hatuwafundishi wanafunzi methali na ngano za jamii zao kama vitu vya chupani, vya kuorodheshwa sifa tano na umuhimu mara tano, kisha kufungiwa kabatini mpaka mtihani ujao?

Ishara ya maji imetumiwa kwa ustadi. Maji ya Maitu hayatoki popote. Yanazunguka tu, kutoka mwilini na kurudi mwilini. Mtu amekuwa chemchemi yake mwenyewe. Anapomgawia mfagiaji maji hayo, Asha anagawa sehemu ya mwili wake, na anapoumwagia mche maji ya mwisho anamalizia kazi aliyokwisha kuianza. Hivyo kitendo cha mwisho kimeandaliwa tangu mapema, na mwanafunzi anaweza kukitetea kwa ushahidi.

Kesho ya Kahiu, jana ya Ukambani

Niliwahi kuwaonyesha kidato cha tatu filamu hii, katika shule moja ya upande wetu huu, kwa tarakilishi ndogo iliyowekwa juu ya meza ya mwalimu. Nilitarajia waniulize kuhusu mitambo. Badala yake msichana mmoja alisema kwamba haya si mambo ya kesho, kwa kuwa nyanya yake alimsimulia jinsi walivyokuwa wakigawiana maji kwa kikombe. Darasa lilinyamaza. Nami nilitambua kwamba mwanafunzi wangu alikuwa ameihakiki filamu kwa sentensi moja kuliko mimi kwa kipindi kizima.

Wakamba huyapa majina majira ya njaa, na majina hayo ni kalenda yetu ya mdomo. Njaa ya mwisho wa karne ya kumi na tisa, wakati reli ilipokuwa ikipita, inaitwa Ngomanisye, iliyoenea kote. Ya mwaka 1961 inaitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege, kwa kuwa chakula kiliangushwa kutoka angani. Ya miaka ya 1980 inaitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa nimeshika, kwa kuwa mtu alikuwa na pesa mkononi na hakuna chakula cha kununua. Msimulie mgeni kwamba chakula kilianguka kutoka angani juu ya nchi iliyokauka, naye atadhani unamsimulia filamu.

Basi Vita vya Maji vya Kahiu si ngeni. Lakini historia hiyo hiyo ndiyo inayotuonyesha udhaifu wa Pumzi. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliiandikia Machakos taarifa za kukatisha tamaa: udongo umekwisha, nchi inageuka jangwa la mawe. Dawa yao ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 Wakamba, wakiongozwa na Muindi Mbingu, walikwenda Nairobi kwa maelfu kudai ng'ombe wao. Yeye akakamatwa na kupelekwa Lamu. Kwa maneno ya filamu, Baraza lilikuwa limesema kwamba nchi imekufa.

Je, ilikufa? Watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walichapisha kitabu mwaka 1994 kilichofuatilia Machakos tangu mwaka 1930 hadi 1990. Waligundua kwamba idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali mmomonyoko ulipungua na miti ikaongezeka. Siri haikuwa moja, kwani soko na barabara vilichangia, lakini miongoni mwa sababu ilikuwa matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kwa kuukingama mteremko wa mlima na kuutupa udongo upande wa juu, na miaka inavyopita shamba linajisawazisha lenyewe. Neno hilo la Kiswahili, fanya juu, leo limo katika vitabu vya kilimo duniani. Na nani aliyechimba? Vikundi vya mwethya, ambavyo nguvu yao kubwa ilikuwa wanawake, leo katika shamba la huyu, kesho katika shamba la yule.

Hapo ndipo ninapotofautiana na Kahiu. Asha anaiponya ardhi peke yake na kwa kufa. Ni picha ya kuvutia, nayo inaliza, lakini ni nusu ya ukweli. Ardhi haiponywi na shahidi mmoja aliyelala juu ya mche. Inaponywa na watu wengi wanaoamka asubuhi wakiwa na majembe, wakarudi tena kesho yake. Tena, mwanamke anayejitoa mhanga kimya kimya ili wengine waishi ni mhusika tuliyemzoea mno katika fasihi yetu. Tungependa, angalau mara moja, kumwona aliyepanda akikaa chini ya kivuli alichokipanda. Kahiu mwenyewe anajua habari hizi, kwani mwaka huo huo wa 2009 alitengeneza filamu ya hali halisi kuhusu Wangari Maathai. Naye Maathai, aliyetuzwa Nobeli ya Amani mwaka 2004, hakupanda peke yake. Nguvu ya vuguvugu aliloliasisi mwaka 1977 ilikuwa vikundi vya wanawake wenye vitalu vya miche.

Atakayemtetea Kahiu atasema kwamba yule mfagiaji ni mwethya mdogo wa watu wawili, na kwamba kuna mkono wa mtu wa tatu uliotuma udongo. Ninakubali. Mkono huo ndio unaonifanya niipende filamu, kwa sababu una maana kwamba kuna mtu mwingine nje, aliye hai, aliyechimba kabla ya Asha. Lakini filamu inamsahau mara tu baada ya kumtumia. Ningekuwa mwongozaji, ningemtafuta.

Kuna udhaifu mwingine wa kutajwa kwa ufupi. Jina ni la Kiswahili, mbegu ni ya Kikikuyu, lakini amri na barua zote ni za Kiingereza. Huenda mwongozaji alikusudia kuonyesha kwamba lugha zetu nazo zimetiwa chupani. Kama ndivyo, angetupa dalili. Asha hasikiki akimwita mama kwa lugha yake hata anapolala chini. Pia jangwa tulionalo ni la Afrika Kusini, filamu ilikopigwa, si letu. Hilo la mwisho ni suala la fedha, na sitamlaumu.

Neno kwa mtahiniwa

Yaliyosemwa hapa yana faida gani kwako? Kwanza, usiichanganye ploti na muhtasari. Kusimulia kilichotokea si kueleza ploti. Eleza jinsi matukio yalivyopangwa na kwa nini yamepangwa hivyo. Ukiulizwa kuhusu mbinu rejeshi au kisengere mbele katika kitabu chako, usiishie kuitaja na kutoa mfano. Sema inatenda kazi gani. Ndoto ya Asha inamwonyesha mtazamaji mwisho, na wakati huo huo inaeleza kwa nini utawala unaogopa ndoto. Hoja ya aina hiyo ndiyo inayotofautisha jibu la kidato cha nne na jibu la kidato cha kwanza.

Pili, jina la kazi ni sehemu ya kazi. Tazama anwani ya riwaya au tamthilia unayoisoma na uulize inapata maana ngapi kadiri matukio yanavyoendelea.

Tatu, usiogope kuonyesha udhaifu. Watahiniwa wengi hudhani kwamba kuhakiki ni kusifu. Lakini ukikosoa, kosoa kwa ushahidi kutoka katika kazi na kutoka katika maisha unayoyajua. Mwanafunzi wa Machakos anajua mambo ya udongo na maji ambayo mhakiki wa London hayajui. Hiyo ni mali. Itumie.

Nanyi walimu, kama shule ina kifaa cha kuonyeshea, Pumzi inaingia katika kipindi kimoja na muda wa kujadili unabaki. Kama hakuna kifaa, waulize wanafunzi majina ya njaa ambazo nyanya na babu zao wanazikumbuka, kisha waambie wabuni jina la njaa ya mwaka 2060 na wasimulie ilivyokwisha. Hapo mtakuwa mmefundisha utendaji wa fasihi simulizi na utunzi kwa pamoja.

Hitimisho

Nimesema kwamba Pumzi ni hadithi yetu. Nasema hivyo kwa sababu inaifikia kesho kwa kupitia zamani, njia ambayo Syokimau, Mkangi na hata majina ya njaa zetu yametuonyesha. Nimesema pia kwamba inatupungukia pale inapomwachia mtu mmoja mzigo wa watu wengi. Mambo haya mawili hayapingani. Kazi nzuri ni ile inayomfanya msomaji atamani kuiongezea sura moja. Sura ninayoitamani mimi ni ya wanawake wanaotoka katika ule msitu wakiwa na majembe, wakamkuta Asha kabla jua halijammaliza, wakampa maji.

Maswali ya mazoezi

1. "Ploti ya Pumzi ni sahili lakini wakati wake ni changamano." Jadili.
2. Eleza jinsi kinaya kinavyojitokeza katika majina na mandhari ya filamu hii.
3. Linganisha Asha na mhusika yeyote wa kike anayejitoa mhanga katika kitabu ulichokisoma. Je, mwandishi alikuwa na njia nyingine?
4. Kusanya mighani moja ya utabiri kutoka katika jamii yako na uonyeshe sifa zake zinazoikaribia bunilizi ya kisayansi.